Dola Tatu za Kisenyi

Nilihamia Kampala miaka ya tisini, wakati mji ulikuwa bado unapaka rangi juu ya matundu ya risasi. Kampuni iliyoniajiri Kisumu iliuza mabati, misumari na saruji, na kwa vile kila mtu Kampala alikuwa anajenga au anarudishia paa lililong'olewa wakati wa vita, mabosi walifungua tawi na kunituma nikalisimamie. Nilipanga nyumba Ntinda, nikamleta mke wangu na watoto, tukapata kanisa lenye Wakenya wenzetu, maisha yakakaa sawa. Hakuna jirani aliyejua kwamba ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya sufuria kubwa tuliyoitoa Krismasi tu, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye sarafu za dhahabu za Marekani, zilizogongwa karne ya kumi na tisa.

Najua jambo hili linavyosikika. Mtu akisikia dhahabu anawaza utajiri. Zangu zilikuwa chache, na nyingine ndogo kuliko kifungo cha shati. Nilianza kabla sijaoa, nilipokuwa karani kwenye duka la sonara mmoja Mhindi, mzee mwenye maneno machache. Alikuwa na sarafu ya dola tano aliyoiweka kwenye droo, na kila nilipofunga hesabu vizuri alinipa niishike kama zawadi. Aliniambia nisiangalie dhahabu, kwa sababu dhahabu hujisema yenyewe. Niangalie nywele za mwanamke aliyechongwa juu yake, niangalie nyota, niangalie kama aliyechonga alikuwa na haraka. Siku nilipoacha kazi aliniuzia sarafu ile bila ubishi, na tangu hapo sikuweza kupita dirisha la sonara bila kusimama.

Watu huniuliza, kwa nini za Marekani? Jibu langu ni kitambaa cha merikani. Bibi zetu walikivaa na hawakujiuliza kwa nini kinaitwa hivyo. Wamarekani walikuja pwani kwa meli zao, wakauza kitambaa, wakanunua pembe na karafuu, na baadhi ya dhahabu yao ikabaki huku. Haikubaki kama pesa. Ilitobolewa, ikaunganishwa pete ndogo juu, ikaning'inia shingoni mwa mabibi harusi, ikarithiwa, ikasafiri hadi kusikofikirika. Nilipenda kuwaza kwamba kitu kilichotoka upande wa pili wa dunia kinaweza kuwa kwenye shingo ya mwanamke anayepanga nyanya sokoni, na yeye mwenyewe hajui kilichoandikwa.

Lakini mapenzi haya yana ugonjwa wake. Ukianza kukusanya unaanza kushuku. Unashuku anayeuza, kwa nini anauza. Unashuku anayekuuliza habari, kwa nini anauliza. Mlinzi wa geti letu alikuwa mtu mwema wa makamo, lakini siku alipotaja kwamba mimi hukaa sana jikoni kuliko wanaume wengine, nilihamisha kopo nikalipeleka juu ya dari. Mke wangu alinitazama nikiteremka ngazi na vumbi kichwani.

"Sasa ni panya tu ndio watakaokuibia," alisema.

Afande aliingia maishani mwangu alasiri moja ambayo mvua ilikuwa imesimamisha biashara. Nilikuwa kwenye meza yangu nyuma ya kaunta, nimeshika kioo cha kukuzia na sarafu ya dola ishirini niliyokuwa nimeipata wiki hiyo, nikidhani duka ni tupu. Kumbe kuna mtu alikuwa ameingia kujikinga. Alikuwa mrefu, mweusi tii, mtu wa kaskazini kwa sura, na koti lake la mvua la polisi lilikuwa linachuruzika maji kwenye sakafu. Niliifunika sarafu kwa kiganja, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Chini ya ndege kuna herufi gani?" aliuliza. "Iko na S, ama iko na O?"

Sarafu hizo kwa nyuma zina tai aliyetanua mabawa, na chini ya tai huwekwa herufi ndogo kuonyesha mji zilikogongwa. S ni San Francisco, O ni New Orleans. Sikuwahi kukutana na mtu Kampala aliyelijua hilo, na wa kwanza kulijua alikuwa na bastola kiunoni. Nilimjibu kwamba sielewi anazungumzia nini. Alinitazama kwa muda, akanunua kilo ya misumari ambayo nadhani hakuihitaji, akatoka mvua ikiwa bado inanyesha.

Nilikaa siku kadhaa nikisubiri wenzake waje kupekua duka. Hawakuja. Badala yake alirudi mwenyewe, amevaa shati la kitenge, na bila salamu ndefu akatandika leso kwenye kaunta. Ndani yake kulikuwa na sarafu ya dola kumi, safi, herufi zake kali kama zimegongwa jana.

"Mimi siulizi kama polisi," alisema. "Hapa Kampala yote hakuna mtu naweza onyesha hii kitu. Nikionyesha polisi wenzangu, wataniuliza nimeiba wapi. Nikionyesha sonara, yeye napima tu kilo. Wewe angalia."

Niliangalia. Ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyokuwa nayo. Nilipoinua uso nilimwona anavyonitazama, kama mtu anayesubiri daktari amwambie mtoto wake ni mzima, na nikajikuta nimemwambia kila nilichokiona.

Hivyo ndivyo tulivyozoeana. Jumapili baada ya kanisa alikuja kwangu Ntinda, au mimi nilipanda Naguru kwenye nyumba za polisi alikokaa. Yeye alikuwa Mkatoliki na mke wake Mnubi, Mwislamu. Sebuleni rozari ilining'inia upande mmoja wa dirisha na kalenda ya msikiti upande wa pili. Mke wake alisuka vikapu vya rangi huku akitusikiliza tukibishana kuhusu nyota na manyoya ya tai, na kila mara alicheka na kusema kwa Kiswahili chake cha kambi za jeshi kwamba wanaume wengine wanaleta shida ya wanawake nyumbani, wa kwake analeta shida ya mwanamke asiyepumua.

Hata hivyo sikumwamini. Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya vielelezo, yaani vitu vinavyokamatwa na kuwekwa kusubiri kesi. Kila mtu alijua ni mali kiasi gani iliporwa katika vita vile na vile vilivyotangulia, na ni wenyewe wangapi hawakurudi kuidai. Nilijiuliza ni nini kilichokuwa kinapita mikononi mwa mtu mwenye ufunguo wa stoo kama ile. Siku moja, bila mimi kuuliza, aliniambia sarafu yake ya kwanza ilitoka kwa mama mkwe, kwenye mkufu wa kale wa Kinubi uliogawanywa baada ya msiba. Niliamini nusu. Naye kwa upande wake aliwahi kuzungusha macho sebuleni kwangu, akatazama redio, akatazama viti, akauliza taratibu, "Hii mabati inalipa hivi?" Tulicheka sote wawili, lakini nilijua swali lake halikuwa la mzaha.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa Hajati. Alikuwa mama wa Kisomali aliyekuwa na kiduka cha dhahabu Kisenyi, kimebanwa kati ya gereji na ghala la mchele, kaunta yake imezungushiwa nondo kama ya benki. Watu wake walikuwa wametawanyika Mogadishu ilipovunjika, na wanawake walipofika Kampala walichokuwa nacho ni kile walichovaa chini ya nguo. Walimuuzia yeye. Hajati alipima, akalipa, akayeyusha. Mara chache, kabla hajayeyusha, kulikuwa na sarafu, na nilikuwa nimemwomba akiona yenye kichwa cha mwanamke na maandishi ya Kizungu aniite kwanza. Nilipompeleka Afande kule, nilidhani namtendea wema. Baadaye yeye aliniambia kwamba tangu siku ile alianza kujiuliza ninapata nini kwa kumletea Hajati wateja.

Mwaka uliofuata nilipata kwa Hajati kitu nilichokuwa nimekitamani tangu ujana wangu: sarafu ya dola tatu. Ni sarafu ya ajabu. Hakuna tai. Mbele kuna mwanamke aliyevaa taji la manyoya, nyuma kuna shada la mahindi, ngano, pamba na tumbaku, na katikati tarakimu 3. Wamarekani wenyewe hawakuipenda, waliitengeneza kidogo kidogo kisha wakaiacha, ndiyo maana ni adimu. Niliinunua jioni, umeme ukiwa umekatika Kisenyi kote, kwa mwanga wa taa ya chemli. Nyumbani niliiangalia kwa mshumaa, halafu kwa balbu hafifu ya chumbani. Sikutaka kuitoa nje ambako macho ni mengi. Nilimwita Afande aje aione Jumapili.

Alikuja. Alikaa kwenye kiti alichokizoea karibu na mlango, mke wangu akamletea chai na mandazi. Nilimpa sarafu. Akaitazama ndani, akakunja uso, akasema mwanga hautoshi. Akainuka akatoka nayo barazani, akasimama juani, amenipa mgongo. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilitaka kuinuka nimfuate, nikaona aibu. Aliporudi aliiweka mezani kwa uangalifu.

"Nzuri," alisema.

Hakusema lingine. Mtu aliyeweza kuzungumza saa nzima juu ya nyota moja alisema neno moja, akatazama saa yake, akasema ameitwa kazini. Kikombe chake kilikuwa hakijafika nusu.

"Afande hakumaliza chai," mke wangu alisema akikusanya vyombo.

"Ameitwa kazini."

"Jumapili? Na hakubeba andazi hata moja la watoto, leo?"

Ni maneno yale yaliyonifanya nichukue sarafu na kioo na kutoka barazani, kusimama pale pale aliposimama yeye. Nilitaka kujua ameona nini juani. Nikageuza sarafu taratibu mpaka jua likapita kwenye shavu la yule mwanamke, na chini kidogo ya taji la manyoya, karibu na sikio, nikaona kishimo. Kilikuwa kidogo kama ncha ya sindano, chenye mkia mfupi kama koma. Nilikuwa nimeiangalia sarafu ile kila siku tangu niinunue na sikuwahi kukiona.

Nilikaa chini kwenye ngazi. Wazo lilikuja lenyewe, limekamilika, kama mtu aliyekuwa amesimama nje ya mlango akisubiri afunguliwe. Aliingia na sarafu mbovu mfukoni, akanipa mgongo, akabadilisha. Alinirudishia ile mbovu. Ndiyo maana alisema neno moja, ndiyo maana aliacha chai.

Juma zima lile nilikuwa mtu asiyefaa dukani. Nilikumbuka kila mara alipowahi kushika sarafu zangu, nikazitoa zote darini na kuzitafuta makosa. Mke wangu, ambaye hakuwahi kufurahia bastola kuingia nyumbani kwake, hakumtetea Afande, lakini pia hakutaka nimkabili.

"Yeye ni polisi na wewe ni mgeni katika nchi ya watu," alisema. "Ukimwita mwizi, kesho ataandika wewe ndiye mwizi. Dhahabu hiyo utaeleza uliipata wapi?"

Nilijua anasema kweli. Lakini Jumapili ilipofika sikwenda kanisani. Nilifunga sarafu kwenye karatasi, nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikapanda Naguru kwa miguu.

Mke wa Afande alikuwa barazani na vikapu vyake. Alinikaribisha kama kawaida, akaniuliza habari za mama watoto, na upole wake ulinifanya nijisikie vibaya. Afande alikuwa ndani, ametoka misa, bado amevaa suruali ya kupigwa pasi. Aliponiona hakuinuka.

"Nilijua utakuja," alisema.

"Kwa nini ulijua?"

"Kaa kwanza."

Sikukaa. Nilifungua karatasi nikaiweka sarafu mezani. "Afande, hii siyo niliyokupa. Hii ina kovu hapa chini ya taji. Yangu haikuwa nalo."

Nilitegemea hasira, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alichofanya ni kuingia chumbani. Nilimsikia akivuta sanduku chini ya kitanda, na kwa muda mfupi nilifikiri juu ya bastola, nikapima umbali wa kutoka niliposimama hadi mlangoni. Macho yangu yalikuwa bado mlangoni aliporudi na leso ile ile. Akaifungua, akaweka sarafu ya dola tatu kando ya yangu.

"Hii nilinunua kwa Hajati kabla yako," alisema. "Mwezi mzima kabla. Sikukuambia, nilitaka kukushangaza. Siku ile nilikuja nayo kwa mfuko. Nilitaka tuweke pamoja, tufurahi. Sasa wewe angalia."

Nilichukua kioo, nikasogea dirishani. Mwaka ule ule. Taji lile lile. Na chini ya taji, karibu na sikio, kishimo kidogo kama ncha ya sindano, chenye mkia mfupi kama koma.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa, maana ndilo lililotuvunja moyo. Kishimo cha namna ile hakigongwi na kiwanda cha serikali. Ni jeraha, sarafu hulipata ikidondoka au ikigongana na nyingine ndani ya mfuko. Sarafu mbili haziwezi kujeruhiwa mahali pamoja kwa umbo moja, kama vile watu wawili hawawezi kuzaliwa na kovu la panga linalofanana. Zikifanana hivyo, maana yake kuna mtu aliyechukua sarafu halisi moja iliyojeruhiwa, akaitumia kutengenezea muhuri wake wa siri, na kila anayoigonga inazaliwa na jeraha lile la mama yake.

"Za kugushi," nilisema.

"Zote mbili."

"Sasa kwa nini hukuniambia siku ile? Uliona juani, ukaondoka."

Alinitazama moja kwa moja. "Kwa sababu nani alinipeleka kwa Hajati? Ni wewe. Mimi nanunua ya uongo, halafu wewe naniita nyumbani, nanionyesha ingine ya uongo, nasema ni nzuri sana. Nilifikiri, huyu Mkenya anauza hii kitu pamoja na yule mama. Anataka ninunue na hii ingine, kwa bei ya juu. Mimi ni polisi miaka mingi, nafikiria hivyo."

"Na mimi nilifikiri umenibadilishia."

"Najua," alisema. "Nimeona vile umeangalia mlango."

Mke wake alikuwa ameacha kusuka. Alisimama kwenye kizingiti, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akasema, "Nyinyi hapana watu wa kukaa na dhahabu," akarudi kwenye vikapu vyake.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Kisenyi pamoja. Afande alitaka kuvaa sare, nikamwomba asivae. Njia nzima hatukuzungumza, na ingawa kila mmoja alikuwa amebeba sarafu yake mwenyewe, niligundua kwamba nilikuwa natembea hatua moja nyuma yake na yeye anageuka kila baada ya muda.

Hajati alikuwa amekaa nyuma ya nondo zake, shela jeusi, miwani puani, akisafisha bangili. Tuliweka sarafu mbili kwenye kisahani chake cha bati. Nilimweleza kwa heshima, nikimwita mama, kwamba sarafu alizotuuzia si za kweli.

Hakunyanyua sauti. Alichukua jiwe lake jeusi la kupimia dhahabu, akasugua ukingo wa moja juu yake, akadondosha tone la dawa. Mstari ulibaki unang'aa. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili, akatuonyesha jiwe.

"Hii si dhahabu?" aliuliza.

"Ni dhahabu, mama, lakini..."

"Nilipima mbele yako?"

"Ulipima."

"Nilikuambia hii ni ya Amerika? Nilikuambia ni ya zamani? Wewe ndiye uliniambia. Uliniambia, mama, ukiona yenye mwanamke wa manyoya, niite, hiyo ni ya Amerika ya zamani. Mimi sijui Kizungu hicho. Nimeuza dhahabu." Kisha macho yake yakahamia kwa Afande, kwenye viatu vyake, kwenye namna alivyosimama. "Na huyu ni polisi. Mmekuja wawili, mmoja wa maneno, mmoja wa kutisha. Nimeona watu kama nyinyi Mogadishu, nimeona Nairobi. Semeni mnataka nini."

Uso uliniwaka. Sikuwahi kufikiria kwamba kutoka upande wa pili wa nondo zile tulionekana hivyo.

Ni Afande aliyepata neno. Alivua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, sisi hapana kuja kuchukua kitu. Tunataka kujua tu zilitoka wapi. Sisi wawili tumegombana kwa sababu ya hii."

Alitupima kwa macho kwa muda. Nadhani ni kule kugombana kulikomlegeza. Aliita kitu kwa Kisomali kuelekea nyuma ya pazia, na akatoka mwanamke kijana aliyekuwa akikaa naye, mke wa mpwa wake, akapitisha mkono chini ya shela na kufungua mkufu. Hajati aliulaza kwenye kisahani. Zote zilikuwa sarafu za dola tatu, zimepangwa kama meno, kila moja imebanwa ndani ya pete yake, na palikuwa na nafasi mbili tupu mahali zilipokatwa zile zetu.

"Baba yake alinunua Aden, kwa harusi ya mama yake," alisema Hajati. "Zamani, sisi bado tuko na nchi. Amekata mbili kulipa hospitali ya mtoto. Nyingine hauzi."

Niliomba ruhusa ya kutumia kioo. Mwanamke yule alikubali kwa kichwa. Nilipita moja baada ya nyingine, na kila mwanamke wa manyoya alikuwa na kovu chini ya taji, karibu na sikio. Nilimpisha Afande. Yeye alipita mara moja tu, akanirudishia kioo.

Mwenye mkufu aliuliza kitu kwa lugha yao. Hajati akatafsiri. "Anauliza kama ni mbaya."

Afande alinitazama mimi. Nilisema, "Mwambie ni dhahabu nzuri. Mwambie asikate nyingine."

Hajati alitafsiri, na yule binti akauvaa mkufu wake tena na kurudi nyuma ya pazia. Alikuwa sahihi kuuvaa. Aliyezitengeneza huko alikokuwa hakuiba dhahabu hata chembe; alichodanganya ni macho ya watu kama sisi, na katika mkufu ule hapakuwa na mtu kama sisi. Hajati alitwambia tukitaka atazinunua zetu tena kama dhahabu, uzito kwa uzito. Afande aliiacha yake pale pale. Mimi niliondoka na yangu. Nilimwambia naihitaji ili nifundishe macho, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kumwona mwanamke yule akiyeyushwa.

Baada ya hapo niliingia katika kipindi kibaya. Kama niliweza kudanganywa na dola tatu, ni kipi kingine nilichoamini? Msimu wote wa mvua nilitoa sarafu zangu moja moja juani, na sikujali tena macho ya majirani. Mlinzi aliuliza mara moja ninatafuta nini, nikamwambia makosa, akacheka akidhani ninatania. Nilizipata nyingine mbili zenye herufi nene kupita kiasi, nikazitenga. Zilizobaki nilizishuku hata hizo. Furaha ya kuzishika ilipungua, ikarudi polepole, na iliporudi haikuwa ile ya zamani. Nilikuwa nimejifunza kupenda kitu huku nikikikazia macho.

Mimi na Afande tuliendelea kukutana. Hatukuombana msamaha, hatukujua tungeanzia wapi. Lakini hakuna aliyempa mwenzake mgongo tena akiwa na sarafu mkononi. Tulikaa meza moja, mikono juu, kila mmoja na kioo chake, kama wacheza karata wasioaminiana. Mke wangu alisema hajawahi kuona urafiki wa namna ile.

Kisha akapewa uhamisho kwenda kaskazini, karibu na kwao, ambako bado kulikuwa na vita. Kabla hajaondoka alikuja dukani na kisanduku cha mbao kilichofungwa kamba, mafundo yake yamemiminiwa lakiri nyekundu na kugongwa muhuri, vile wanavyofunga vielelezo vya kesi.

"Huko siwezi kwenda nazo," alisema. "Mama watoto anabaki, lakini nyumba ya polisi kila mtu anaingia. Weka wewe."

Nilikipandisha darini, kando ya kopo langu. Afande alikaa kaskazini miaka miwili na zaidi. Zilikuja habari mbaya kutoka upande ule, na nyakati nyingine hazikuja habari kabisa. Nilimpelekea mke wake unga na sukari Naguru, naye hakuwahi kuuliza juu ya kisanduku, wala mimi sikukitaja. Nakiri nilikishusha mara kadhaa na kukitikisa karibu na sikio. Kililia. Sikugusa lakiri.

Aliporudi alikuwa amekonda, na mguu mmoja ulimsumbua. Alikuja Ntinda siku ya pili tu, akakaa karibu na mlango. Nilishusha kisanduku nikakiweka mezani. Alitoa kioo chake, akainama juu ya lakiri, akachunguza fundo la kwanza, la pili, la tatu, polepole, kila ufa. Nilisimama nikimtazama na hasira ikanipanda. Hatimaye akakata kamba, akafungua kifuniko, akanigeuzia kisanduku.

Ndani kulikuwa na vifuniko vya chupa za soda.

"Nilitaka kujua," alisema.

Nilikumbuka usiku niliolala nikiwaza wezi, nikiwaza paa la nyumba, kwa ajili ya vifuniko vya soda. Mke wangu, aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni, alisema kwa baridi kwamba chai itachelewa.

"Kasirika," Afande aliniambia. "Ni haki yako. Mimi ningekasirika. Lakini mimi nilikuwa kule, kila mtu ninayelala karibu naye sijui kesho ataniuza ama hapana. Na nikafikiri, nikirudi nikute hii lakiri iko vile, basi kuna mtu moja." Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa leso, nzito, imefungwa kwa uzi. Aliisukuma mezani kuelekea kwangu. "Nilizificha kwa dada yangu, kijijini. Sasa wao wanahamia kambi ya wakimbizi wa vita. Hizi ndizo zenyewe. Sifungi na lakiri."

Nilikaa chini. Leso ilikuwa na joto la mwili wake. Nilifungua uzi, nikaita watoto waniletee mizani ndogo, nikasogeza meza hadi kwenye mwanga wa dirisha, nikamwambia asubiri, kwa sababu sipokei sarafu kwa mtu yeyote kabla sijaziangalia moja moja mbele yake.

Hakuona ubaya. Alinyoosha mguu wake mbovu, akaegemea ukuta, akamwuliza mke wangu kama bado anapika yale mandazi ya iliki.